Simu ya kuongea nayo Kiswahili dukani: iPhone mtumba, Galaxy A au Tecno?

Mzee wa Spea
Wakuu, habari za majukumu. Nina duka la spea za pikipiki hapa Morogoro. Mikono yangu kutwa ina grisi, kuandika kwenye simu ni mtihani. Nataka simu nitakayoiambia kwa mdomo: andika bush tatu za Boxer zimetoka, nikumbushe kesho kufuata mzigo, mpigie kijana wa stoo. Bajeti haivuki milioni moja. Nimebaki na tatu kichwani: iPhone 13 iliyotumika, Galaxy A36 mpya, au Tecno Camon mpya. Kila muuzaji ananiambia "hii ina akili mnemba mzee", nikimuuliza inafanya nini anacheka. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Ipi inasikia Kiswahili?

Kaka Jirani
Chukua Tecno mzee, betri inakaa. Mengine mbwembwe.

Fundi Simu K/koo
Shikamoo mzee wangu. Wauzaji wanachanganya mambo matatu. Kuna simu kukusikia na kuandika ulichosema. Kuna kukuelewa na kukujibu. Halafu kuna kutenda: kupiga, kuweka kengele, kufungua ramani. Kwa Kiswahili, la kwanza liko vizuri, la pili linaridhisha, la tatu bado linachechemea kwenye simu zote.

Sasa hizo simu zako. Siri, yule msaidizi wa sauti wa iPhone, ipo tangu Oktoba 2011 ilipotoka iPhone 4S, na Kiswahili hakimo kwenye lugha zake. Ile Apple Intelligence, yaani akili mnemba ya Apple, iliyoanza kutolewa Oktoba 2024 na mfumo wa iOS 18.1 inataka iPhone 15 Pro kwenda juu, kwa hiyo 13 hata uisasishe vipi haipati. Siri mpya, ile ya kujua barua pepe zako na ratiba zako, ilionyeshwa Juni 2024, Machi 2025 Apple wakasema itachelewa, na Januari 2026 wakatangaza pamoja na Google kwamba itajengwa juu ya Gemini, akili mnemba ya Google. Usinunue simu kwa ahadi.

Galaxy ina msaidizi wa Samsung aitwaye Bixby, ipo tangu 2017, nayo Kiswahili haina. Ule utafsiri wa maongezi ya simu papo hapo waliouzindua na Galaxy S24 Januari 2024 usikupumbaze: ni wa simu za bei ya juu, na Kiswahili hakikuwemo. Tecno wana msaidizi wao, Ella. Lakini kwenye Android zote mbili utakuwa na Gemini ya Google, na hiyo ndiyo inayoongea Kiswahili. Inahitaji Android 10 na GB 2 za RAM tu, kwa sababu kazi nzito inafanyika kwenye kompyuta za Google huko mbali, si mfukoni mwako.

Mzee wa Spea
Marahaba mwanangu. Kwa hiyo akili ni ileile kwenye simu zote, nalipia kasha?

Fundi Simu K/koo
Karibu hivyo, ila mlango ni tofauti. Android unaifanya Gemini kuwa msaidizi mkuu, unabonyeza kitufe cha pembeni au unaiita kwa sauti. iPhone 13 kitufe kile ni cha Siri, Gemini inabaki kuwa programu kama nyingine: ufungue simu, uitafute, uiguse. Kwa mtu mwenye grisi vidoleni hapo ndipo penye tofauti yote.

Kwa Samsung na Tecno, mimi naangalia miaka. A36 ilitoka Machi 2025 na Samsung waliahidi matoleo sita ya Android na miaka sita ya usalama. Vitu hivi vya sauti vinabadilika kila baada ya miezi michache, simu isiyosasishwa inaachwa njiani.

Mama Nguo Mwanjelwa
Jamani mbona mnamtisha mzee wa watu na mambo makubwa. Anachotaka ni kuandika mali, na hilo halihitaji Gemini wala nani. Google walitia Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu Agosti 2017! Fungua kibodi ya Gboard, nenda kwenye mipangilio, lugha, ongeza Kiswahili, na uchague cha Tanzania maana kuna cha Kenya pia. Halafu gusa alama ya kipaza sauti.

Mimi nauza nguo Mbeya. Nina namba yangu mwenyewe kwenye WhatsApp, najitumia ujumbe: "mashati ya kiume kumi na mawili, yametoka manne, deni la mama Upendo elfu nane". Jioni nasoma yote kwa mpangilio wa saa. Simu ikae karibu na mdomo, na usiongee muziki wa jirani ukiwa juu. Majina ya watu inayakosea sana, nimeamua kuwaita wadeni wangu kwa majina mepesi, hahaha.

Mzee wa Spea
Mama umenifungua macho. Sasa nikitaka inijumlishie?

Mama Nguo Mwanjelwa
Hapo ndipo unakopi ule ujumbe unaiwekea Gemini au ChatGPT, unaiambia nitengenezee jedwali. Ila taja hela kwa ukamilifu. Msaidizi mmoja nilimwambia "laki na nusu", akaniwekea laki moja kavu. Siku hizi nasema laki moja na elfu hamsini.

Chumbe
Mnasahau jambo la saa. Mimi nakwenda bahari, naamka saa kumi na moja alfajiri. Nikamwambia msaidizi mmoja (sitaji jina, nisije nikaonekana nina ugomvi na watu) aniwekee kengele saa kumi na moja. Akaniwekea saa kumi na moja ya kizungu, yaani saa tano asubuhi yetu, jua limeshapanda na wenzangu wamesharudi na samaki. Neno alfajiri hakulijali kabisa.

Dawa niliyoipata ni kutotaja saa. Nasema "niamshe baada ya saa saba". Kuhesabu muda mbele hakubishaniwi. Na kila mara nasoma kwenye kioo alichoweka kabla sijalala.

Fundi Simu K/koo
Nakazia hiyo. Wanaotumia Gemini au ChatGPT kuna sehemu ya kuhifadhi maelezo yako ya kudumu. Andika humo: "Ninapotaja saa kwa Kiswahili ongeza au punguza saa sita". Kwenye maongezi inasaidia. Kwenye kengele bado hakikisha kwa macho, kama alivyosema Chumbe.

NaiMtaa
Niaje wadau, mimi niko Nairobi. Mnaongea kama bando ni ya bure! Kuongea na hizi akili unde moja kwa moja kunamaanisha sauti inaenda na kurudi kwa mtandao muda wote. Nikitoka kwa WiFi ya kazi, mimi naandika ama natumia kibodi ya sauti, sipigi stori na simu kwa matatu.

Kuhusu kuongea lenyewe, mimi napendelea ile sauti ya ChatGPT. Tangu ije ile sauti mpya ya GPT-4o waliyoionyesha Mei 2024, unaweza kuikatiza katikati ikanyamaza, na nikichanganya Kiswahili na Kiingereza kwa sentensi moja haipotei. Sheng ya kwetu lakini inaigiza kama mgeni aliyefika jana. Na haishiki simu yako: haitakuwekea kengele wala kumpigia mtu kwa niaba yako. Hiyo ni ya kuuliza na kujifunza, si ya kutuma kazi.

Mzee wa Spea
Na mtandao ukikata? Huku kwetu mvua ikinyesha mnara unalala.

Fundi Simu K/koo
Hapo iPhone inapata pointi moja, tuwe wakweli. Tangu iOS 15 ya 2021 Siri inasikia na kufanya vitu vidogo ndani ya simu yenyewe bila intaneti: kengele, kuhesabu muda, kufungua programu. Ila kwa lugha zake, si yako. Gemini bila mtandao inakuwa bubu. Kuna Gemini ndogo inayokaa ndani ya simu, inaitwa Nano, ilianza na simu ya Google, Pixel 8 Pro, mwisho wa 2023, lakini hiyo inataka simu zenye misuli, bajeti yako haifiki.

Sikio la Tanga
Naomba na mimi niseme, maana watu wanaona haya mambo kama starehe. Mimi sioni. Simu yangu ni Android ya kawaida na naitumia kwa TalkBack, ile programu ya kusoma kioo, kwa sauti ya Kiswahili ya Google. Sauti yenyewe ni kavu lakini inaeleweka, na nimeizoesha mwendo wa kasi kiasi kwamba mtu akisikiliza pembeni anadhani redio imeharibika.

Mabadiliko makubwa kwangu yamekuja na picha. Zamani mtu akituma picha kwenye kundi la familia, simu ilisema "picha" basi, nasubiri mtoto arudi shule aniambie. Mwaka 2024 Google walianza kuiunganisha TalkBack na Gemini, ikawa inaelezea picha, na 2025 wakaongeza kuuliza swali juu yake. Nauliza, bibi harusi amevaa rangi gani? Najibiwa. Halafu kuna kushirikisha kamera kwenye Gemini Live, ile ya kuongea nayo moja kwa moja, ambako tangu Mei 2025 ni bure kwa Android na iPhone. Naielekeza kwenye rafu ya dukani, nasema kwa Kiswahili, huu ni unga wa sembe au wa ngano? Ikiwa mwanga upo, inanijibu vizuri. Dawa siulizi. Dawa namwuliza mfamasia, kwa sababu hizi mashine zikikosea hazisiti, zinaongea kwa uhakika uleule.

Linalonikera ni menyu za pesa. Ukipiga namba ya nyota na reli, orodha inakuja, TalkBack inaanza kuisoma, kabla haijafika namba sita mtandao umeshafunga. Sijaona msaidizi hata mmoja anayeweza kuingia humo akanifanyia. Ninachofanya natumia programu ya mtandao husika badala ya menyu, na vifaa vya masikioni navaa kila mara, maana simu inaposoma hadharani kila mtu anajua salio langu.

Mzee wa Spea
Dada/kaka wa Tanga, hapo kwenye kamera umenigusa. Hivyo nikishika beringi nikaielekezea kamera itaniambia ni ya wapi?

Sikio la Tanga
Kaka, mzee wangu. Itasoma namba iliyogongwa ubavuni kama imefutwa vizuri na imekaa kwenye mwanga. Ya wapi inakaa, hapo sikuahidi.

Fundi Simu K/koo
Mzee, ijaribu kwa kitu unachokijua. Mwonyeshe beringi ya 6301 muulize vipimo.

Mzee wa Spea
6301 ni ndani milimita 12, nje 37, unene 12. Naijua kama jina la mwanangu wa kwanza. Akinipa vya 6202 nitamfukuza dukani.

Mjukuu wa Muscat
Salaam kutoka Oman. Nyumbani kwetu bibi anasema Kiswahili cha Unguja, sisi wadogo Kiarabu. Mimi nina iPhone, kwenye gari natumia Siri kwa Kiarabu kupiga simu na ramani, inafanya kazi safi kabisa. Bibi nimemwekea Gemini kwenye simu yake ya Android, anaiuliza mambo ya mapishi na hali ya hewa ya Zanzibar. Anaianza kwa salamu ndefu na inamwitikia, basi anaipenda. Kwa hiyo mimi nasema chagua kwa lugha unayoamrisha, si kwa jina la simu.

Mtetezi Mtaani
Hakuna aliyegusa faragha. Google wenyewe wameandika kwamba baadhi ya maongezi ya Gemini husomwa na watu, na yaliyosomwa huweza kukaa hadi miaka mitatu, na wanakuonya usiweke siri zako humo. Kuna sehemu ya kuzima kuhifadhi shughuli zako. Ukiizima, yanakaa hadi saa 72. Apple nao mwisho wa Desemba 2024 walikubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Siri kudaiwa kurekodi watu bila kuitwa, ingawa hawakukiri kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, Kenya wanayo tangu 2019, lakini sheria haitakuzuia wewe kusema namba yako ya siri mbele ya kipaza sauti. Namba ya siri ya pesa usiiambie simu. Na wadeni wako mzee, waandike majina ya kwanza tu.

Kaka Jirani
Mimi bado nasema Tecno. Nipeni sababu moja ya kuongeza hela.

Fundi Simu K/koo
Kama atabadilisha simu mwakani, Tecno inatosha na atabakiwa na chenji ya bando. Kama anataka kukaa nayo miaka mitano, A36. iPhone 13 ni simu nzuri, kamera nzuri, ila kwa kazi aliyoitaja ni ya tatu, na mimi ndiye ninayeziuza.

Mzee wa Spea
Basi naja Jumamosi kuchukua A36. Naomba tahadhari za mwisho, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia.

Fundi Simu K/koo
Piga *#06#, upate namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, linganisha na ya kwenye boksi. Halafu itume kwa SMS kwenda 15090, TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu ya aina gani. Jibu lisipofanana na ulichoshika, rudisha. Na kabla hujatoa hela, weka laini yako, washa bando lako, ongeza Kiswahili kwenye kibodi, simama pale nje kwenye makelele ya wapiga debe na useme: "bush tatu za Boxer zimetoka". Usome ilichoandika. Beringi ya 6301 njoo nayo mfukoni.