Re: Maandalizi ya kulazwa baada ya upasuaji wa taya

Dada, orodha yako ya nguo na vifaa vya kwenda navyo hospitalini huko ugenini imekamilika. Kilichobaki ni namna utakavyowasiliana na manesi. Ukizinduka kutoka kwenye nusukaputi, meno yatakuwa yameshikwa kwa raba, midomo imevimba na ina ganzi, na koo linauma kwa sababu ya mpira wa kupumulia uliopitishwa puani. Lugha ya ugenini, hata uwe unaimudu vipi, saa hiyo haitatoka. Mkalimani wa simu naye hamsaidii mtu asiyeweza kutamka, kwa hiyo omba mapema mkalimani wa kufika mwenyewe, angalau siku ya kusaini fomu ya ridhaa na asubuhi ya kwanza daktari anapopita wodini.

Kwa saa nyingine zote, tengeneza kadi. Upande mmoja lugha ya hospitali kwa herufi kubwa, upande wa pili Kiswahili, ili ujue unainua ipi ukiwa bado na usingizi wa dawa. Zinazohitajika kweli ni chache: sipumui vizuri, nahisi kutapika, nifyonze mate na damu, niinulie kitanda, maumivu yangu ni namba hii (chora mstari wa 0 hadi 10), naomba dawa ya maji, siwezi kumeza vidonge. Mpe mtu mwenye lugha hiyo azisome kabla hujazitumia. Beba pia daftari na kalamu mbili, na kengele ya kumwita nesi ifungwe upande wa mkono unaoandikia. Mkono wa pili ndio uombe uwekewe dripu.

Simu inayofunguka kwa kutambua sura huenda isikutambue ukivimba. Weka namba ya siri unayoikumbuka, na waya wa chaji wa mita mbili, maana soketi huwa nyuma ya kitanda.

—

Naongezea upande wa wodini, kwa sababu mambo yanayowatisha wagonjwa wa taya yana sababu zinazoeleweka.

Kutapika ndiko kunakoogopwa zaidi. Damu iliyomezwa wakati wa upasuaji huchafua tumbo, kwa hiyo kichefuchefu cha usiku wa kwanza ni cha kawaida. Ikitokea, kaa, inama mbele, acha mdomo ulegee. Tumboni kuna majimaji tu, nayo yatapita katikati ya meno na nyuma ya magego. Usilale chali. Ukianza tu kuhisi kichefuchefu inua kadi, dawa ya kuzuia ipo na hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Kama taya limefungwa kwa waya badala ya raba, mkasi wa kukatia waya ukae kando ya kitanda muda wote, na wewe na anayekuuguza muonyeshwe ni nyaya zipi zinakatwa.

Uvimbe hufika kileleni siku ya 2 au ya 3. Ukiona uso umekuwa mkubwa kuliko jana, hilo lilitarajiwa. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 20 kuweka na 20 kuondoa, kwa siku mbili za mwanzo. Kwenye sehemu yenye ganzi usiipitishe muda huo, ngozi inaweza kuungua kwa baridi bila wewe kuhisi. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 au zaidi, hata usingizini.

Aliyepasuliwa taya la juu asipenge kamasi mpaka daktari aruhusu. Ukipenga, hewa husukumwa kutoka kwenye uwazi wa mifupa ya uso hadi ndani ya nyama ya shavu. Chafya itoke kwa mdomo. Pua iliyoziba huhitaji dawa ya maji ya chumvi, na usiogope ukiona damu kidogo inachuruzika. Damu nyekundu isiyokoma, au pumzi kuwa nzito, bonyeza kengele papo hapo.

—

Kuhusu chakula: uliza kama unaruhusiwa mrija wa kunyonyea, madaktari wengi huukataza siku za mwanzo. Kinachotumika ni bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 50 au 60, lenye mpira laini mbele. Kaa wima, pitisha mpira kati ya shavu na meno hadi nyuma, sukuma mililita 5, meza, ndipo uendelee. Wanaopaliwa wengi ni wale wanaosukuma kwa haraka. Joto lipime mkononi, mdomo wenye ganzi haukuambii kuwa supu inaunguza.

Chakula kisagwe kisha kichujwe, chembe moja tu inaziba mpira. Lakini usikipunguze uzito kwa maji matupu, utashiba bila kupata nguvu. Tumia maziwa, na kila nusu lita iongezee vijiko vinne vikubwa vya maziwa ya unga. Kula kidogo mara 6 hadi 8 kwa siku. Kila baada ya kula sukutua, na mswaki uwe wa mtoto mchanga. Dawa kali za maumivu hufunga choo, kwa hiyo omba ya kulainisha tangu siku ya kwanza.

—

Machache yanayosahaulika. Nywele zisukwe mistari ya kulala, bila fundo kisogoni wala vibanio vya chuma. Rangi ya kucha na kucha za bandia ziondolewe, zikibaki kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kinaweza kukosea. Mwenye selimundu, au aliyerithi vinasaba vyake kwa mzazi mmoja, amwambie daktari wa usingizi hata kama hajaulizwa. Vivyo hivyo dawa za mitishamba, baadhi huongeza kutoka damu.

Na kabla ya kulazwa, andika na usaini jina la mtu mmoja anayeruhusiwa kupewa taarifa zako na kuzungumza kwa niaba yako. Bila karatasi hiyo, hospitali inaweza kumkatalia hata mumeo kwenye simu, na wewe hutaweza kupokea na kueleza. Mtu huyo ndiye apewe pia namba ya wodi ya kupiga usiku ukisharuhusiwa kwenda nyumbani.