Saa 12 zimeisha mmetuacha porini: huu mkataba wa hali bora unamlinda nani?

Wakuu naandika nikiwa na hasira na usingizi haujanitoka vizuri, kwahiyo mtanivumilia. Mimi ni kondakta wa treni za mizigo huku Marekani, Nebraska, mwaka wa sita huu. Kondakta wa huku si wa kukata tiketi, ni mtu wa pili kwenye kichwa cha treni, dereva anaendesha, mimi nina makaratasi ya mabehewa, redio, kushuka kubadili njia na kufunga breki za mkono. Kampuni siitaji, chama sikitaji, jueni tu kwamba ada ya chama inakatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi na ndo maana leo nina mdomo.

Ishu ni hii ya kupokelewa ukiishiwa masaa. Sheria ya nchi inasema saa 12 basi. Zamani ilikuwa 16, ilipitishwa 1907, ikaja kubadilishwa 1969 ikashuka kwa hatua hadi 12. Dakika ya mwisho ikifika huruhusiwi kuisogeza treni hata kwa urefu wa behewa moja. Huku tunasema "tumekufa", unamsikia kabisa mtu kwenye redio anamwambia kontrola, yule anayeongoza treni kutoka ofisini, "mimi nakufa saa tisa na robo" kwa sauti ya kawaida kama anaagiza chai. Na wale wanaotumwa kuja kuichukua treni ya wafu wanaitwa wakamata mbwa, mbwa katokea wapi msiniulize, nimewakuta wanaitwa hivyo.

Sasa ndugu zangu wa Dar nikiwaambia wanadhani saa 12 zikiisha ndo umeshafika nyumbani unaoga. Thubutu! Sheria inasema usifanye kazi, haijasema uondoke hapo ulipo. Kuanzia dakika hiyo mpaka gari lije likufikishe kituoni, huko katikati hauko kazini na hauko mapumzikoni, wenyewe wanaita limbo. Ilipelekwa hadi Mahakama ya Juu, Januari 1996, madereva wakidai muda wa kusubiri gari uhesabiwe ni kazi, wakashindwa. Kwahiyo kisheria umekaa kwenye kichwa cha treni masaa manne usiku wa manane na hufanyi kazi. Upo tu.

Wiki iliyopita ilikuwa hivi. Nimeingia saa 9 alasiri, treni ya nafaka, mabehewa 112. Tukasimamishwa simamishwa njia nzima kupisha makontena, saa 8 usiku tunaingizwa kwenye njia ya kupishania, taa nyekundu, kimya. Nina saa moja mkononi. Mzee wangu dereva, ana miaka 34 kwenye reli, akaangalia saa akasema "hii imeisha, nenda kafunge breki sasa hivi, usisubiri wakuambie." Kwasababu huwezi kuacha treni hivihivi, tunajua wote kilichotokea Lac-Mégantic kule Kanada 2013, treni ya mafuta iliachwa usiku juu ya mteremko, mfanyakazi mmoja tu, kafunga breki za mkono ambazo hazikutosha, kaenda hoteli na teksi, treni ikashuka yenyewe mpaka mjini, watu 47 wakafa. Na ukishakufa huruhusiwi kufunga hiyo breki maana kufunga breki ni kazi. Kwahiyo saa yako ya mwisho ndo unaimalizia huko chini.

Nikashuka. Digrii 4 za hukuhuku (Fahrenheit), kwa zetu ni kama hasi 15. Breki 20. Kila behewa unapanda ngazi ya pembeni, unashika gurudumu la breki, limeganda barafu unalipiga na kiganja mpaka liachie, unazungusha mpaka mnyororo ukaze, unashuka, unatembea kwenye kokoto zilizofunikwa theluji, unapanda lingine. Kwenye la kumi na ngapi sijui glavu ya kulia ikagandia kwenye chuma, nikaivuta mkono ukatoka peke yake. Narudi kwenye kichwa bado dakika 8. Mzee kanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa, hajasema kitu.

Saa 9 usiku tukafa rasmi. Saa 9 na dakika 20 kontrola anaita kwenye redio, eti kondakta anaweza kwenda kuangalia taa ya behewa la mwisho kama inawaka? Mzee akachukua redio akajibu "tumekufa" akairudisha. Hivi huyu mtu hana saa ukutani?

Gari limekuja saa 1 na dakika 40 asubuhi. Saa nne na dakika arobaini tumekaa. Chapati nilizobeba kutoka nyumbani zilikuwa kwenye begi karibu na mlango, ngumu kama sahani. Choo cha kichwa sitaki hata kukiongelea, waliowahi kupanda vichwa wanajua.

Na hapa ndo nataka mnisikilize, kwasababu mtasema kampuni mbaya, kampuni mbaya, kampuni ni mbaya sawa lakini hii imeandikwa kwenye MKATABA WETU na sisi wenyewe tumeusaini.

Tulikuwa maili 41 kutoka kituo cha mbali, kile ambacho tunalala hoteli. Hapo kituoni kulikuwa na wenzetu wawili wamepumzika, wa kwanza kwenye foleni, wako hotelini wanaangalia tivii, nimekuja kuongea nao baadae wakathibitisha. Gari kutoka pale kuja kwetu ni kama saa moja. Kwanini hawakuja? Kwasababu mkataba unasema watu wa kituo cha mbali wanaweza kutoka kwenda kupokea treni iliyokufa ndani ya maili 25 tu, wanalipwa nusu siku juu ya safari yao ya kawaida, wanaiingiza halafu wanaendelea na safari yao. Maili 25 na nukta. Ikizidi hapo, kazi ni ya bodi ya ziada ya kituo cha nyumbani, yaani orodha ya watu wasio na treni maalumu wanaosubiri kuitwa. Ambacho kiko wapi? Maili zaidi ya 150 upande wa pili! Kwahiyo watu wakaamshwa kule nyumbani, wakapewa saa moja na nusu ya kujiandaa kama mkataba unavyosema, wakapandishwa kwenye gari, dereva wa gari mwenyewe ni wa kampuni ya kukodi hajui barabara za vumbi za mashambani, akapotea mara mbili, wakafika kumekucha. Wenzetu walioko saa moja tu kutoka pale wanakunywa juisi.

Na msidhani hicho kipengele cha maili 25 ni kibaya chenyewe. Waliokiweka walikuwa na akili zao, bila mpaka kampuni ingewatumia watu wa hotelini kukamata mbwa kila siku, mtu anatakiwa kurudi kwa mke wake yeye anazungushwa porini siku ya tatu, na bodi ya ziada ya nyumbani ingekosa kazi. Nakubali. Ila kiliandikwa wakati bodi ya ziada ina watu. Mwaka 2022 mwenyekiti wa ile bodi ya serikali inayosimamia reli alisema kampuni kubwa zimepunguza watu 45,000 ndani ya miaka sita, asilimia 29. Bodi yetu nimeikuta ina majina hayajai kwenye ukurasa mmoja wa simu. Ukilinda kazi ya watu ambao hawapo unamlinda nani?

Halafu kipengele kinachofuata ndo kinanitoa povu. Kinasema kampuni itahakikisha waliokufa wanatolewa kwenye treni "haraka kadiri inavyowezekana". KADIRI INAVYOWEZEKANA. Nani alikaa mezani akakubali hayo maneno? Hakuna dakika, hakuna faini, hakuna kitu. Hayo ni maneno ya mtu anayekudai hela anaambiwa nitakulipa Mungu akijalia.

Kuna mdogo wangu hapa kwetu, yeye anaendesha malori, akaniambia "kaka si unalipwa muda wote huo umekaa, unalalamika nini?" Ndio nalipwa. Na hapo ndo penyewe! Kampuni inapiga hesabu. Kuwaita watu wawili wa bodi ya ziada ni siku nzima ya malipo kwa kila mmoja hata kama wamesogeza treni maili kumi. Kutuacha sisi tukae ni saa chache za ziada. Kwahiyo wakiwa na treni ya makontena inakuja nyuma wanawahifadhi waliopumzika kwa ajili ya hiyo, nafaka na wafu wake wasubiri. Sio kwamba wametusahau, tumewekwa kwenye mahesabu.

Sheria ya 2008 ilijaribu kuwabana, ile iliyopita baada ya ajali ya Chatsworth, California, watu 25 walikufa. Ikasema limbo isizidi saa 30 kwa mwezi kwa mtu, na kila dakika inayozidi saa 12 unaongezewa kwenye yale mapumziko ya saa 10. Nzuri. Ila kuna misamaha, ajali, treni kuacha reli, mitambo kuharibika, majanga ya asili, na humo ndo wanaingiza hali ya hewa. Mimi limbo yangu siku ile saa sita na nusu maana njiani gari likapita kuchukua wafu wengine kwenye njia ya mbele, tumefika kituoni saa 3 na nusu asubuhi. Nikaangalia rekodi wamejaza nini: hali ya hewa. Theluji iliacha kudondoka juzi yake! Baridi ipo, ni Januari na hii ni Nebraska, itakosaje kuwepo. Kwa hiyo zile saa sita na nusu hazimo kwenye 30 zangu.

Na bado. Mapumziko saa 10 jumlisha sita na nusu, saa 16 na nusu hotelini. Malipo ya kukaa mbali na nyumbani yanaanza saa 16 zikipita. Simu imelia saa 8 usiku kamili, dakika ile ile niliyoruhusiwa kupigiwa. Nimeingia kazini saa 9 na nusu, kwahiyo saa 18 kwenye chumba chenye pazia la kahawia nimelipwa mbili. Mwanangu alikuwa na mechi ya shule Jumamosi hiyo, nimeiona kwenye simu ya mama yake, upande mmoja wa kiwanja tu.

Nimeandika klemu, yaani madai rasmi. Mwenyekiti wa tawi kanipokea vizuri, kaka mtu mzima, kaniambia kabisa itakataliwa. Nikamuuliza sasa wewe uko hapo kufanya nini? Akasema vipengele vya eneo letu vilijadiliwa zamani kabla yake, na kila wakikaa mezani kampuni inasema tutaweka dakika kama nyie mtaachia kile cha maili 25. Na watu wa bodi ya ziada hawataki kukiachia maana kukamata mbwa ndo mkate wao, siku nzima ya malipo kwa kazi ya saa nne. Nawaelewa, kabla ya hii nafasi niliyonayo nilikuwa bodi ya ziada miaka mitatu, nimekamata mbwa mpaka nikachoka, sijawahi hata siku moja kuwaza wale ninaowakuta pale wamekaa saa ngapi. Napanda, nawasalimia, nafungua breki zao. Hiyo nakubali ni yangu.

Na ule mkataba wa kitaifa wa 2022 msiniletee. Karibu tugome, Bunge likatulazimisha tuukubali mwezi wa 12, nyongeza ya asilimia 24 kwa miaka mitano ipo ndiyo, siku saba za kuumwa Seneti ikazikataa. Haya ya kwetu yako kwenye mkataba wa eneo, hata siku wangetupa kila kitu kule Washington, maili 25 na "kadiri inavyowezekana" vingebaki vilevile.

Mimi nataka kitu kimoja tu, dakika. Zikipita 60 tangu nife na gari halijafika, malipo yaanze kupanda, na kila saa ipande zaidi, mpaka iwe ghali kuniacha kuliko kumwamsha mtu. Mpaka wa maili 25 ubaki, ila uwe na mlango: kama bodi ya nyumbani haiwezi kufika ndani ya saa mbili, wa hotelini waje kwa malipo ya siku nzima na mtu wa bodi aliyerukwa alipwe pia. Watasema ghali. Eh, si ndo nimesema iwe ghali.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza kwanini hatukushuka tukatembea hadi barabarani tukaita usafiri wetu. Mkuu, nyuzijoto hizo, saa kumi usiku, barabara ya lami iko maili tisa, na ukiondoka kwenye treni bila ruhusa unafukuzwa kazi. Mwingine kasema nirudi nyumbani Tabora nikaendeshe reli ya kati. Asante kwa ushauri.

NYONGEZA 2: Klemu imejibiwa leo asubuhi, imekataliwa, mistari miwili. Wafanyakazi walitolewa haraka kadiri ilivyowezekana kulingana na hali ya hewa. Mkutano wa tawi ni Jumanne. Kama kuna mtu humu anafanya reli, huku au Kanada, na mkataba wa eneo lake una kipengele chenye dakika zilizoandikwa kwa namba, apige picha ukurasa huo, afute jina la kampuni, auweke hapa kabla ya Jumatatu usiku. Sihitaji maoni mengine kwa sasa, nahitaji huo ukurasa.