Tupeane uzoefu: Bodi uliyoapa kwamba imekufa, kumbe tatizo lilikuwa kwingine

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Miradi iliyokubali tumeshaonyeshana sana humu. Leo nataka ile iliyogoma. Bodi ndogo za kuendesha vifaa kama Arduino, ESP32, ESP8266, Pico, chochote chenye pini na programu ndani yake: kiligoma vipi, ulihangaika siku ngapi, na mwisho ilikuwa nini. Ombi langu moja tu, usituletee "nilibadilisha bodi ikakubali". Tunataka kujua ILIKUWA NINI.

Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilimtengenezea mama mmoja jirani inkubeta ya mayai 90, anafuga kuku wa kienyeji. Arduino Uno, sensa ya joto ya DS18B20 ile yenye ncha ya chuma, rilei (swichi inayoendeshwa na bodi), balbu mbili za wati 60, na feni ya kompyuta ya kusambaza hewa. Joto likakaa 37.5 kama limegandishwa. Nilikuwa napita asubuhi, naangalia namba, napewa chai, naondoka zangu nikijiona injinia. Siku ya 16, saa kumi na moja alfajiri, simu: "Mwanangu, hebu njoo. Mashine inanuka."

Nafika, balbu zote mbili zinawaka, mbao za ndani hazishikiki, na skrini imeandika -127.

Sensa yenyewe ilikuwa nzima. Waya wa njano, ule wa data, ulikatika kwenye kiungo nilicholehemu kwa mkono wangu, pale unapoingia kwenye sanduku. Feni ilikuwa inautikisa kidogo kidogo kwa wiki mbili. Maktaba ya sensa ile, yaani programu iliyoandikwa tayari ya kuisoma, ikiitafuta sensa isiione, hurudisha -127. Na programu yangu ilijua jambo moja tu: joto likiwa chini ya 37.5, washa balbu. Sasa -127 si ni chini ya 37.5? Ikawasha. Ikaendelea kuwasha usiku kucha kwa utii kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba ilinionya. Wiki moja kabla niliona skrini ikiruka, inaandika 85, halafu inarudi 37. Nikasema ah, inajichanganya tu. Kumbe 85 ndiyo namba ambayo DS18B20 inaamka nayo kabla haijapima chochote. Ukiiona katikati ya kazi, mara nyingi maana yake sensa imekatikiwa umeme ikaamka upya. Na kweli nilipofungua kile kiungo, waya mwekundu nao ulikuwa umebaki na nyuzi mbili tu.

Siku hizi programu yangu ikisoma chini ya 10 au juu ya 45 inazima balbu na kupiga kengele. Halafu kwenye njia ya umeme wa balbu nimeweka themostati ya kawaida ya chuma, ambayo haijui programu ni kitu gani. Mayai nililipa.

Haya, zamu yenu.

Stima Kidogo

Pole sana ndugu. Yangu ni ya kivungulio (greenhouse) cha nyanya cha mjomba, huku Kirinyaga.

ESP32, sensa za unyevu wa udongo, inatuma namba kwa WiFi hadi kwa nyumba. Kwangu mezani, nikiwa nimeichomeka kwa laptopu, ilikaa wiki nzima bila kusumbua. Kuifikisha shambani, inawaka, inazima, inawaka, inazima. Mjomba akaniuliza kama hiyo ni mashine ama ni taa ya Krismasi.

Nikarudi na laptopu nikafungua skrini ya siriali, pale ujumbe wa bodi unapoonekana. Mstari ule ule kila mara: "Brownout detector was triggered". Maana yake chipu imeona umeme umeshuka kuliko inavyovumilia, ikajianzisha upya. Na wakati gani? Kila ikijaribu kushika WiFi. Redio ya ESP32 ikiamka inakunywa stima kwa mafungu, ndiyo maana watengenezaji wanashauri uipe chanzo cha angalau mA 500. Mimi nilikuwa na chaja nzuri tu. Shida ilikuwa waya. Mita tatu za USB, mwembamba kama uzi wa kushonea, nilinunua kando ya barabara. Nikapima mwisho wa waya: volti 4.8 ikiwa imetulia, 4.2 ikitafuta WiFi. Na hiyo 4.2 ni vile mita inaona. Yale mashimo mafupi kabisa mita haiyaoni.

Sasa hapa ndipo nilifanya ujinga. Kuna mstari mmoja mtu anaweza kuongeza kwa programu ukazima hiyo kinga ya stima kushuka. Nikauweka. Ujumbe ukaisha, nikafurahi, nikaenda nyumbani. Baada ya siku mbili bodi imeganda kabisa, na nenosiri la WiFi lililokuwa limehifadhiwa ndani limepotea. Hapo ndipo nilikubali. Nikavuta volti 12 hadi kwa kivungulio, nikazishusha kuwa 5 papo hapo karibu na bodi, nikaweka kapasita ya 470 µF kati ya 5V na GND. Ule mstari nikaufuta. Mwaka wa pili huu.

Pini 12

Jina langu linatosha kueleza. Sensa ikichomolewa, bodi inawaka. Ikichomekwa, haiwaki, inarudia tu "flash read err, 1000" kwenye skrini. Nilibadilisha sensa tatu!

ESP32 ya kawaida inapowaka huangalia pini kadhaa ili ijue iamkeje. GPIO12 ni mojawapo: ikiikuta iko juu, inaipa kumbukumbu ya flashi volti 1.8 badala ya 3.3, na flashi za bodi zetu nyingi ni za 3.3. Sensa yangu ilikuwa inaivuta juu. Nikahamisha waya mmoja kwenda GPIO27, kwisha habari. Siku nne za maisha yangu.

Mgeni Hapa

Wakuu samahani kwa kuingilia. Nina tatizo linaloendelea sasa hivi. Arduino Nano ya kichina, yenye chipu ya CH340, ile inayoiunganisha na USB. Taa inawaka, lakini kompyuta haioni poti kabisa. Waya nimebadilisha mara tatu. Muuzaji nimemrudishia bodi mbili, hii ni ya tatu. Naombeni msaada, wiki ijayo nawasilisha mradi chuoni.

Stima Kidogo

Hizo waya tatu zina data ama ni za kuchaji tu? Jaribu kuhamisha picha kutoka kwa simu ukitumia hiyo waya.

Mgeni Hapa

Zinahamisha picha vizuri, mkuu.

Mleta mada

Unatumia Windows au Linux? Na ukichomeka, inaonekana kidogo halafu inapotea, au haionekani kabisa?

Rangi ya Kucha

Wakati tunamsubiri mgeni, mimi niko Tanga, mita mia mbili kutoka baharini. Sisi huku adui yetu ni hewa.

Nilifunga kipima kina cha maji kwenye tangi la msikiti. Miezi minne safi. Mwezi wa tano kinaanza kusema tangi limejaa wakati watu wanatia udhu kwa ndoo. Nikadhani ni programu, nikaiandika upya yote, na ikaendelea kudanganya. Nilipokuja kuifungua bodi kwenye mwanga wa jua ndipo nikaona ukungu wa kijani kati ya pini mbili za sensa. Chumvi na unyevu vilishajenga njia yao, umeme unapita humo badala ya kwenye waya. Halafu sisimizi nao walikuwa wamehamia na mayai yao, lakini hao sina ushahidi nao.

Nikasugua kwa spiriti na mswaki wa zamani, nikakausha, nikapaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya viungo vyote, isipokuwa soketi na vitufe. Hadi leo inasema kweli. Shemeji yenu aliuliza chupa zake zinaishaje haraka hivi, nikamwonyesha tangi.

Mwanafunzi wa Zamani

Fupi: `delay(60 * 1000);` kwenye Uno.

Nilitaka isubiri dakika moja. Ikasubiri milele. Uno inahesabu namba za kawaida kwa biti 16, mwisho 32,767, kwa hiyo 60,000 inapinduka kuwa -5,536, halafu `delay` inaipokea kama namba isiyo na hasi na kuigeuza milisekunde bilioni nne na ushee. Ni karibu siku 49.7. Weka `60UL * 1000` na utalala. Wakati huo nilikuwa nimeshaing'oa chipu kwenye soketi mara mbili.

Fundi Pampu

Mimi kazi yangu ni pampu za visima, Dodoma huku. Nilifunga Uno na skrini ya LCD kuwasha kontakta ya pampu, ile swichi kubwa ya umeme inayovutwa na koili. Pampu ikizima, skrini inaandika kichina. Siyo kila mara, na hapo ndipo mtu anapochanganyikiwa. Inazima mara kumi vizuri, ya kumi na moja maandishi yanageuka vibox na alama za ajabu, na pengine Uno inaganda ikiwa imewasha.

Chanzo ni koili ya kontakta. Ukiikatia umeme ghafla inarusha mshindo wa volti kubwa unaorudi kwenye nyaya, na nyaya za LCD yangu zilikuwa zimelala bega kwa bega na za kontakta kwenye bomba moja. Nikaweka rezista ya omu 100 na kapasita ya 0.1 µF iliyofuatana nayo, zile kapasita za kuhimili umeme wa 220, sambamba na koili. Nikatenganisha nyaya. Nikawasha na mlinzi wa ndani wa chipu, ule unaoianzisha upya ikiganda. Kichina kimekwisha.

Tafadhali, usiweke kapasita yoyote uliyoikuta kwenye redio mbovu. Ile isiyo ya umeme mkubwa itapasuka usoni.

Mita ya Maji

Nina moja ambayo haikuonyesha dalili yoyote siku za mwanzo. Mashine ya kuuzia maji kwa sarafu. Ili umeme ukikatika isisahau jumla ya lita, nilikuwa naandika jumla kwenye EEPROM, kumbukumbu ya chipu isiyofutika umeme ukikatika, kila sekunde 10. Nilijiona mjanja. Baada ya kama miezi miwili mwenye kituo ananipigia, mashine inadai imeuza lita milioni kadhaa usiku mmoja.

Kukaa na kupiga hesabu: EEPROM ya ATmega328P, chipu ya Uno, imeahidiwa kuandikwa mara 100,000. Kila sekunde 10 ni mara 8,640 kwa siku, yaani ahadi iliisha siku ya kumi na mbili. Nyingine zote ilikuwa inanifanyia hisani. Sasa naandika mteja akimaliza kuchota tu, na kila mara nahamia kikasha kingine ndani ya EEPROM ili nisichoshe kimoja.

Mgeni Hapa

Nimerudi. Natumia Ubuntu 22.04. Na ndiyo, inaonekana sekunde moja inapotea. Nimeandika `dmesg` inasema "now attached to ttyUSB0", halafu chini yake kuna neno brltty, halafu "disconnected".

Pini 12

Umeshaipata. brltty ni programu ya kuendesha vifaa vya nukta nundu vya wasioona. Baadhi ya vifaa hivyo vinatumia chipu za USB zenye namba za utambulisho sawa na za bodi zetu, kwa hiyo ikiona CH340 inadhani ni kifaa chake, inainyakua. Kama huna kifaa cha namna hiyo, `sudo apt remove brltty`, chomoa, chomeka.

Mgeni Hapa

IMEKUBALI. Taa ya L inapepesa. Bodi mbili nilizorudisha zilikuwa nzima zote, na muuzaji nilimsemea maneno. Kesho napita dukani kwake.

Mfugaji wa Kihonda

Naomba kuuliza, mimi si fundi. Nimesoma ya mleta mada moyo umenidunda. Nina inkubeta ya mayai 60, nilitengenezewa na kijana mmoja. Nitajuaje kama na yangu haitafanya vile?

Mleta mada

Dada, ni rahisi. Hakikisha haina mayai ndani. Iwashe, isubiri ifike joto lake na balbu zizime. Kisha chomoa waya wa sensa ya joto na usimame hapo hapo. Balbu zikibaki zimezima, au kengele ikilia, kijana wako alifikiria. Zikiwaka, zima swichi ya ukutani.

Mfugaji wa Kihonda

Nimechomoa. Zimewaka zote nne papo hapo, skrini imeandika -127. Nimezima ukutani. Mayai yako kwenye trei jikoni, nilikuwa niyapange leo usiku. Namsubiri kijana kesho asubuhi, na huu uzi nitamwonyesha.