Stata ya jenereta ya kampa imeliwa na kutu: niitengeneze au ninunue nyingine?

Mzee_wa_Mapinga: Habari za jioni wakuu. Kampa yangu, gari la kulala safarini, imelala Bagamoyo miezi minane, hatua chache kutoka baharini. Jenereta imefungwa chini kwa nyuma. Nikibonyeza swichi inalia ta! mara moja, kimya. Fundi mmoja anataka kuisuka upya stata, ile mota ya kuwashia injini, mwingine anasema nifuate ya mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar. Jumamosi nawapeleka watoto Mikumi. Nifuate ipi?

Dada_Spana: Shikamoo mzee. Petroli au dizeli? Betri ina umri gani, inasoma volti ngapi ukibonyeza? Bila hayo tunapiga ramli.

Mtu_wa_Kigamboni: Nunua mpya. Chumvi ikishaingia kwenye shaba haitoki.

bin_Seif: Mtumba usiguse, nakuomba. Mwaka juzi nilipata iliyofanana na yangu kabisa, hata matundu ya bolti yakakaa. Sikuhesabu meno ya gia yake: yangu tisa, ile kumi. Siku tatu iliwasha huku ikisaga kama mtu anayetafuna mchanga. Siku ya nne ikazunguka bure. Tulipofungua, meno ya flaiwili, gurudumu la injini linalozungushwa na stata, yamelika upande mmoja, chenga za chuma zimetapakaa chini. Injini ikashushwa yote. Muuzaji akaniambia kilichouzwa hakirudi. Ile hela ilikuwa ya ada ya mwanangu.

Mtu_wa_Kigamboni: Ndiyo maana nasema mpya.

Dada_Spana: Mpya uifunge kwenye waya mbovu?

Mzee_wa_Mapinga: Marahaba. Samahani, ni petroli, silinda moja, volti 12. Betri ina miezi kumi. Ikipumzika 12.5, nikibonyeza 12.3. Waya wa ethi, ule wa hasi ya betri kwenda kwenye injini, nimeuchuna karibu na kichwa, ndani umejaa unga wa kijani.

Dada_Spana: Hapo umeme haufiki. Stata ikivuta kweli, betri hushuka hadi 11 au 10. Chukua waya wa kubustia, hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bloku ya injini. Ikizunguka, tupa huo wa ethi, piga msasa unapofungwa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi.

bin_Seif: Au shaba za ndani ya solenoidi, ile swichi ya umeme ya stata, zimeungua. Nazo hulia ta tu.

Mama_Safari: Jamani, ekzosi je? Kutu iliyokula stata haikuiacha. Kaboni monoksaidi haina harufu, na watoto watalala humo. Usiku izimwe.

Mtu_wa_Kigamboni: Si aweke sola tu? Taa na friji ndogo vinatosha.

bin_Seif: Sola haiendeshi kiyoyozi cha kampa usiku kucha, ndugu.

Mtu_wa_Kigamboni: Mikumi usiku kiyoyozi cha nini? Fungua dirisha lenye wavu.

Mzee_wa_Mapinga: Nimeunga waya. Imezunguka mara mbili ikakwama, solenoidi inachoma mkono. Kesho alfajiri naifungua stata. Nimepapasa na ekzosi: kidole kimepita. Kigamboni, paneli za sola za wati 200 zinakwenda bei gani?