UTI sugu na maji ya shayiri: gumzo la kikundi cha ukoo

Zuhura: Shikamooni wakubwa zangu. Yale maambukizi ya njia ya mkojo, UTI, yamenirudia tena, na nimechoka kumeza antibayotiki kila baada ya muda mfupi. Anayejua dawa ya asili naomba anielekeze.

Shangazi wa Muheza: Marahaba mwanangu, pole sana. Chemsha shayiri, uichuje, unywe maji yake asubuhi na jioni. Sisi tumelelewa nayo. Wengine huchemsha ndevu za mahindi mabichi, au hunywa juisi ya choya.

Mama Salma: Mtaani kwetu kuna mama anayeuza maji ya kitunguu saumu na ndimu ya kujisafishia ndani. Nasikia yanamaliza kabisa UTI sugu.

Dada Rehema: Mama Salma, kwa heshima zote, na nasema haya nikiwa muuguzi, maji hayo yasimfikie Zuhura. Ukeni wamo bakteria walinzi wanaotengeneza asidi na kuwazuia wale watokao kwenye haja kubwa, hasa E. koli, wasipande kwenye mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke ni mfupi. Ukijiosha ndani kwa ndimu, au hata kwa sabuni, unamfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi. Shayiri ya Shangazi haina ubaya, ingawa naamini kinachosaidia humo ni maji yenyewe: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake wenye UTI za kujirudia, waliozoea kunywa maji kidogo, walipoongeza lita 1.5 kwa siku maambukizi yao yalipungua kwa karibu nusu.

Mama Salma: Na vile vidonge vya kranberi, lile tunda dogo jekundu la ng'ambo, vinavyouzwa madukani?

Dada Rehema: Kranberi huwapunguzia baadhi ya wanawake kurudiwa na ugonjwa, lakini haiponyi UTI iliyokwisha kuingia. Choya nayo ni nyekundu, ila ni mmea mwingine. Nisingeibebesha sifa za mwenzake.

Zuhura: Zahanati wananipima kwa kijiti cha kuchovya kwenye mkojo tu, kisha wananipa dawa ileile.

Dada Rehema: Basi omba mkojo uoteshwe maabara kabla hujameza dawa nyingine, ili ijulikane ni kimelea gani na dawa ipi inamuua. Chukua kopo safi la maabara, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati, na uufikishe ndani ya saa mbili. Waeleze pia kama umewahi kuoga mtoni au bwawani, kwa sababu kichocho nacho huleta maumivu na damu kwenye mkojo, na dawa yake ni nyingine kabisa. Ukipata homa, maumivu ya ubavuni au kutapika, au ukiwa na ujauzito, usisubiri shayiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Zuhura: Nimeelewa, dada, nitapeleka mkojo kesho asubuhi. Shangazi, shayiri niweke kiasi gani?

Shangazi wa Muheza: Kikombe kimoja cha chai kwa lita mbili za maji, mwanangu, na sukari usitie.