Q na Z kabla ya Jumamosi

*Kikundi: UKOO WA MZEE, TANGA 🌴*

Jumatano

Rehema 18:02
Assalaam aleykum ukoo. Nasra wetu kaingia fainali ya maneno ya Kiingereza Jumamosi. Wanapewa herufi mbili, wanatafuta neno refu lenye herufi hizo zote. Kila herufi ya neno ni pointi moja. Majina ya watu na miji hayakubaliwi, na simu zinabaki nje.

Rehema 18:03
Mwalimu katoa za kufanyia mazoezi: Q na Z. J na X. J na Q. Kila mtu alete maneno leo kabla ya Isha. LEO.

Rehema 18:41
Naona mmesoma. Tiki zote za bluu.

Zuhura 18:44
Shikamoo shangazi. Q na Z: quizmaster, herufi 10

Rehema 18:44
Marahaba mwanangu. Umeona? Mtoto ndiye wa kwanza kujibu. Wakubwa mko wapi?

Hamisi 18:52
pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis
Herufi 45. Ugonjwa wa mapafu wa vumbi la volkano. Fainali imekwisha, lete kombe 🏆

Rehema 18:53
Hamisi, Q iko wapi humo? Z iko wapi?

Hamisi 18:54
Ngoja nimalize kulisoma kwanza 😂

Salum Maskati 18:58
Aandike ugali. Neno hilo limo kwenye orodha ya Scrabble ya Kiingereza, msicheke

Hamisi 18:59
Ugalization. Z hiyo hapo, bado Q 😂😂

Zuhura 18:59
😂😂😂

Rehema 19:00
Jamani mtoto ana siku mbili tu. J na X?

Hamisi 19:03
Jukebox. Au mtasema tena halipo?

Salum Maskati 19:04
Hamisi, usianze.

Hamisi 19:04
Sianzi. Nauliza tu kama kurasa za J zimerudi kwenye kamusi ya mzee, maana Idi ile tulipocheza maneno ziliondoka usiku mmoja.

Salum Maskati 19:05
Zilifungiwa visheti. Kila mtu anajua nani alikuwa anafunga visheti.

Rehema 19:05
Mimi nilipewa makaratasi na mtu, sikuchana kitu. Na hayo tuliyamaliza.

Hamisi 19:06
Mliyamaliza nyinyi wawili. Mimi pointi zangu sikuzipata hadi leo.

Zuhura 19:09
J na X kuna juxtaposition, 13. Linaipita jukebox karibu mara mbili

Mama Nasra 19:31
Samahani wifi, nilikuwa jikoni. Nasra anashukuru. Yeye kapata equalization, 12. Ila tuna tatizo. Darasani wanafundishwa kumalizia kwa -ise, kwa S. Akiweka Z si watasema kakosea?

Hamisi 19:33
Z ni ya Wamarekani. Watamkata.

Zuhura 19:35
Hapana baba, kamusi kubwa ya Oxford yenyewe inaandika -ize. Uingereza zinatumika zote mbili

Rehema 19:36
Sasa hilo ndilo la maana. Akikatwa Z, maneno yote marefu ya Q na Z yanakufa. Mwalimu aulizwe. Nani ana namba yake?

Salum Maskati 19:40
Mnakumbuka Hamisi alivyoandika barua ya kazi, "I am a hardworking hardware"? 😂

Hamisi 19:41
Na kazi nikapata!

Rehema 19:41
NAMBA YA MWALIMU.

Mzee 20:17
Nimesoma yote. Nasra asikariri orodha. Aanze na herufi ngumu, yaani Q, ambayo karibu siku zote hufuatwa na U. Atafute shina: equal, tranquil, ventriloquist. Kisha avae mkia. Equal herufi 5, equalize 8, equalization 12. Tranquil 8, tranquillization 16, kwa L mbili kama Waingereza. Ventriloquize 13. Mkia mmoja utambebea maneno mengi.
Kuhusu Z, Zuhura amesema kweli. Lakini atakayesahihisha ni mwalimu, Oxford haitakuwepo. Aulizwe kesho asubuhi.
Na kamusi ile niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Nimefundishia watoto wa watu miaka yangu yote. Sitaki kusikia tena nani alichana. Anayeitaka aje aishone.

Mama Nasra 20:20
Shikamoo baba. Tumekuelewa.

Rehema 20:34
Shikamoo baba. Tusamehe.

Salum Maskati 20:51
Shikamoo baba.

Hamisi 21:10
Shikamoo mzee. Uzi na sindano nitakuja navyo mimi.

Mzee 21:12
Marahaba.

Alhamisi

Rehema 06:15
Za asubuhi wote. Mwalimu kapigiwa? Na Jumamosi nani anamchukua Nasra kutoka Muheza? Awe ukumbini Tanga saa mbili kamili asubuhi.

Mama Nasra 07:02
Mimi niko zamu hospitali hadi saa nne wifi. Namba ya mwalimu anayo baba Nasra, na simu yake haipatikani tangu jana.

Hamisi 07:30
Nitatuma nauli.

Rehema 07:31
Nauli sawa. Nataka mtu wa kukaa naye kwenye gari. Shabani?

Rehema 09:48
Shabani, umesoma saa tatu.

Shabani 12:26
Nipo

Rehema 12:26
Upo wapi? Unamchukua au unatusalimia?

Zuhura 13:05
Shangazi, mwambie Nasra X na Z pia ajiandae: maximization, 12. Mkia wa Babu huohuo

Mama Nasra 13:20
Kashaliandika mkononi kwa kalamu, nimemwambia akalioshe kabla ya Jumamosi

Salum Maskati 16:44
J na Q: jonquil. Ua la manjano. Herufi 7, refu zaidi ya hapo silipati, na hili halina habari ya S wala Z.

Rehema 16:45
Ahsante kaka, hilo zuri sana, mama Nasra mpe. Na mwalimu je? Nani kampigia?