Tupeane uzoefu: pesa za wazazi skuli (uji, kambi, safari, mahafali) kwenu anashika nani?

Mshika Daftari, Mjini
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwaka huu nimetiwa kwenye kamati ya wazazi, na kwa kuwa nauza dukani wakasema "huyu anajua hesabu", nikapewa kushika michango. Skuli yetu ya serikali, ina mikondo miwili, asubuhi na mchana. Kwa mwaka tunachangishana mara nne: uji wa watoto wa maandalizi, kambi ya wanaokaa mtihani (wanalala skuli wakijisomea), safari ya masomo na mahafali. Maulidi ya mfunguo sita yana watu wake, hayo siyagusi.

Ninavyoona mie, wazazi hawagomi kutoa. Wanachogomea ni kudaiwa siku ambayo mkononi hamna kitu, na kutojua pesa imelala kwa nani. Mkiyatengeneza hayo mawili, yaliyobaki ni kelele za kikaoni tu. Lakini huyo ni mie wa mjini. Nataka niwasikie wa shamba na wa Pemba: mnakusanya lini, vipi, na nani anashika? Semeni ilivyo, ila majina ya skuli na ya walimu yabakie nyumbani.

Mama Mwani, Kusini Unguja
Waalaykum salaam. Huku kwetu kamati ya zamani ilikuwa ikidai uji kila tarehe tano, ati mishahara imeshatoka. Mwenye mshahara huku nani? Walimu wenyewe na vijana wa mahotelini. Sisi wengine pesa zetu zinafuata maji. Mwani tunauvuna bamvua, bahari inapokupwa mbali. Tunauanika, na mvua isipotuharibia baada ya siku chache unakuwa mkavu, ndipo unapimwa kwa kilo. Anayenidai baada ya mpimo ananikuta na pesa. Anayenidai maji mafu ananikuta na deni la unga dukani.

Mwenyekiti wa sasa mumewe anavua dagaa, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Dagaa ni wa giza na taa. Mwezi ukiwa mkubwa vyombo vinalala. Akachukua kalenda ya ukutani, akatia alama siku mbili kila mwezi, akasema kila mzazi achague ya kwake. Uji ni shilingi mia tatu kwa siku, mtu analipa siku kumi za skuli kwa mkupuo, elfu tatu, anaondoka. Kiwango ni kilekile, wazazi ni walewale, na mwaka jana unga haukukatika.

Mtu wa Konde, Pemba
Umesema kweli bibie. Ngoja niwape ya karafuu.

Msimu ukiingia huku hakuna mtu asiye na shughuli. Karafuu inachumwa mchana, usiku watu wanakaa barazani wanachambua, makonyo mbali karafuu mbali, kisha jamvini juani mpaka ikauke, ndipo inabebwa kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali, kupimwa. Mnunuzi ni huyo mmoja, basi siku ya kulipwa inajulikana mtaa mzima. Mshika fedha wa skuli naye anaijua, utamkuta kona ya kituo na daftari kwapani, anakusalimia kwa mapenzi makubwa.

Kamati yetu inachukua pesa ya kambi wakati huo huo, hata kama kambi bado miezi. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na kambi huku inaanza mapema. Ukingoja mpaka wiki ya kufungua kambi, pesa ya karafuu imeshakuwa bati, harusi na nguo.

Lakini kuna jambo linanikera na sijapata wa kunijibu. Mchumaji analipwa kwa pishi, siku hiyo hiyo, mkononi. Mtoto wa kidato cha tatu anapanda mkarafuu asubuhi badala ya kwenda darasani, anachuma mpaka anapata ya kulipia kambi. Kamati inampongeza, kijana anajitegemea huyo! Amekosa masomo ili alipie masomo. Nimelisema kikaoni, wakanyamaza kidogo, wakahamia ajenda ya mahafali.

Karani Mstaafu, Chake
Nyote mmesema wakati wa kukusanya. Mie niseme chombo cha kukusanyia, maana hapo ndipo kamati nyingi zinapozama.

Mambo ya simu mazuri, lakini yana hesabu zake. Mzazi anatuma elfu tano kamili. Mshika fedha akienda kutoa kwa wakala, kampuni ya simu inakata chake, mkononi haibaki elfu tano. Kwa mzazi mmoja si neno. Kwa wazazi mia na zaidi ni mchele wa watoto umeliwa na makato. Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala, kamati yetu ilirudi kwenye pesa taslimu kwa muda, watu wakawa wanakuja na noti zimekunjwa ndani ya karatasi ya daftari iliyoandikwa jina la mtoto. Sasa tunaandika wazi kwenye barua: tuma na ya kutolea. Asiyeweka, daftarini anaandikwa kiasi kilichofika, na mwenyewe anajua.

La pili ni jina. Meseji inaingia kwa jina la mwenye laini, na laini imesajiliwa kwa shemeji, au kwa mjomba aliyeko Muscat aliyeombwa asaidie. Utajuaje ni ya mtoto gani? Na huku Pemba darasa moja lina akina Salum Khamis watatu. Kwetu mzazi akishatuma anapiga au anaandika: jina la mtoto, la baba, la babu, darasa, mkondo. Bila ya hivyo pesa inakaa ukurasa wa nyuma, "haijajulikana mwenyewe".

La tatu ndilo kubwa. Pesa ikiwa kwenye laini ya mtu mmoja, hata awe mcha Mungu kiasi gani, ni pesa ya mtu mmoja. Nakijua kisa cha mshika fedha aliyefariki ghafla, Mungu amrehemu, mchango wa mahafali ukiwa kwenye simu yake. Simu imo ndani ya nyumba ya msiba, watoto hawaijui namba ya siri, na nani ataingia matangani akawaambia "humo mna pesa yetu"? Fungueni akaunti ya benki yenye saini tatu: mzazi, mwalimu, na mtu wa shehia anayeaminika. Ya simu iwe njia tu, kila Ijumaa inahamia benki.

Dada wa Fuoni
Karani, saini tatu nzuri ila ukitaka kununua kuni unangoja watu watatu wakutane? Sisi mwenye saini mmoja alisafiri, watoto wa kambi wakala chai na boflo siku mbili.

Karani Mstaafu, Chake
Ndiyo maana kuna kibubu cha matumizi madogo. Kisizidi elfu hamsini, na kila kitu kiwe na risiti. Muuza kuni hana risiti? Aandike kwenye karatasi atie dole.

Mpishi wa Kambi, Kaskazini Unguja
Nyinyi mnazungumza akaunti, mie nazungumza sufuria.

Kwetu wazazi walisema pesa hawana, wacha walete vitu. Kila mtoto wa kambi aje na mchele kilo tano, nazi sita na mzigo wa kuni. Kamati ikafurahi. Haya, mwaga mchele huo kwenye gunia moja: huyu kaleta mapembe, huyu basmati, huyu mchele wa Mbeya, huyu wa shamba lao wenyewe una mawe. Tia maji. Mapembe yanaiva mwanzo na kuanza kuvurugika, ule mwengine ndani bado mgumu. Ukizidisha maji unapata bokoboko, ukipunguza unapata wali unaolia mdomoni. Watoto wakaandika ubaoni kwa chaki "tunaomba wali", na wali walikuwa wameshakula.

Sasa mchele tunanunua wa aina moja, kwa pesa. Hesabu yangu ni hii, muichukue: robo kilo ya mchele mkavu kwa kijana mmoja kwa mlo mmoja. Gunia la kilo hamsini ni sahani mia mbili. Watoto hamsini, milo minne. Mwenye kukwambia gunia linatosha wiki, mwambie aje apakue yeye. Nazi, kuni, muhogo, ndizi, mbatata, hivyo acha watu walete, haviharibu kitu, na mzee asiye na pesa naye anaingia na fahari yake: nazi kumi na mbili kabeba begani, kaandikwa daftarini kama wengine.

Baba wa Watatu, Bububu
Mimi nitawaudhi. Elimu hapa Zanzibar ilitangazwa bure tangu Septemba 1964, na kila mwaka watoto wanapelekwa kwenye tamasha la kuikumbuka hiyo siku. Kambi sawa, uji sawa, hivyo ni tumbo. Lakini mahafali ya watoto wa maandalizi! Mtoto wa miaka mitano kavalishwa joho na kofia, mpiga picha, keki, maturubai, spika mbili kubwa. Mwaka juzi walikuwa wangu wawili kwa mpigo. Nikaambiwa kila mmoja elfu thelathini, na joho la kukodi halimo.

Mama Keki
Baba wa Watatu, mtoto wangu ndiye wa kwanza kwetu kumaliza hata hiyo maandalizi bila kukatiza. Joho lile picha yake iko sebuleni. Wewe usitoe, lakini usituharibie.

Baba wa Watatu, Bububu
Sikusema msifanye. Nasema iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni hiari, na asiyetoa mtoto wake asikalishwe nyuma ya turubai. Hilo nimeliona kwa macho.

Wa Mtoni
Naomba niseme kuhusu orodha kwenye gurupu la Whatsapp.

Skuli moja mjini, nisiyoitaja, walikuwa wanakwenda msitu wa Jozani kuwaona kima punju. Wiki nzima kila usiku saa tatu inatumwa orodha: jina la mtoto, mbele yake alama ya tiki ya kijani au neno BADO. Gurupu lina wazazi, walimu, na watoto wenyewe wanaoshika simu za mama zao. Mwanangu ndiye akanionesha. "Mama, mie ni BADO." Asubuhi ya safari nilikuwa nimeshapata pesa, nikaambiwa nafasi zimejaa. Gari ikaondoka, akabaki langoni na chakula chake kwenye mfuko. Nikapanda naye daladala tukarudi.

Mwaka huu nimemhamisha. Skuli ya sasa wanafanya hivi: gari ni laki moja na ishirini, watoto thelathini. Ukigawa sawasawa ni elfu nne. Wao wanaandika elfu tano. Wakilipa ishirini na nne tu gari limeshalipwa, na viti sita vinabaki kwa wasio na uwezo. Kiingilio wanakihesabu kwa njia hiyo hiyo. Wa viti sita anawajua mwalimu wa darasa na mzazi mmoja wa kamati, basi. Hakuna orodha, hakuna tiki. Mtoto anapanda gari kama mwenzake, na wala hajui.

Mama Mwani, Kusini Unguja
Elfu moja ya juu hiyo wazazi wanaambiwa?

Wa Mtoni
Wanaambiwa kwenye kikao cha mwanzo wa mwaka, na imo kwenye barua. Hakuna aliyelalamika. Kuna hata mmoja anayelipa mbili, moja haiulizwi ya nani.

Mshika Daftari, Mjini
Nimekusanya mengi hapa. Orodha za gurupuni nitazipinga. Kwa sasa nafanya hivi: kaunta buku moja kwa kila jambo, ya uji isikutane na ya kambi. Ukurasa una tarehe, jina kamili na darasa, kiasi kilichofika, njia (mkononi au simu), na saini ya aliyeleta. Mtoto akileta pesa mwenyewe anarudi na kikaratasi chenye muhuri, maana noti za watoto zina tabia ya kupitia kwa muuza barafu. Mwisho wa mwezi nabandika jumla tu ukutani: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Majina hapana.

Sasa nina swali moja limenikalia. Safari imekwisha, gari limelipwa, viingilio vimelipwa, na zimebaki shilingi elfu thelathini na nane. Ukizirudisha ni mia nne na kitu kwa kila mzazi, na makato ya kutuma yatakula humo humo. Mwalimu mkuu anasema zinunuliwe chaki. Mimi naona chaki si kazi ya pesa ya safari.

Karani Mstaafu, Chake
Si za mwalimu mkuu wala si zako. Zipelekwe kikaoni, wenyewe waseme, iandikwe kwenye kumbukumbu.

Baba wa Watatu, Bububu
Ziingie safari ya mwakani, barua ya mwakani iseme hivyo. Kiwango kishuke.

Dada wa Fuoni
Kishuke au viti vya bure viongezeke.

Mshika Daftari, Mjini
Kikao ni Jumamosi baada ya alasiri. Nitayapeleka yote mawili.

Mpishi wa Kambi, Kaskazini Unguja
Wakishindwa kukubaliana nistueni, sufuria letu la kambi limetoboka kitako.